Mawakili wenzangu, hii akili mnemba mnaitumiaje bila kuumbuka?

wakili_mchanga_mza: Habari za jioni wakuu. Nina mwaka wa pili tangu niapishwe, nipo ofisi ndogo Mwanza. Juzi nilikuwa na submissheni (hoja za maandishi) za rufaa ya ardhi za kupeleka Jumatatu, muda umenitupa mkono nikaiuliza ChatGPT, ikanipa othoriti tano, yaani hukumu za nyuma za kuegemea, za Mahakama ya Rufani, wadaawa wapo, namba ipo, mwaka upo, yaani unaona kabisa hapa nimeshinda. Bosi akasema sawa, printi hizo hukumu tuambatanishe. Kuingia TanzLII, ile tovuti ya hukumu za Tanzania, naikuta moja tu, nayo ya mirathi!! Nilitokwa jasho. Sasa bosi kapiga marufuku AI ofisini na mimi kwenye kudrafti mikataba inanisaidia sana. Nyie mnafanyaje?

MzeeWaKorti: Pole mdogo wangu, ila mshukuru bosi wako. Kuna mawakili New York 2023 walipeleka hukumu feki kama hizo mahakamani kweli, kesi ya abiria aliyeshtaki shirika la ndege la Avianca, jaji akatafuta hizo hukumu hola, wakalimwa faini dola 5,000. Na kituko ni kwamba mmoja wao aliirudia ChatGPT hiyohiyo akaiuliza hii kesi ni ya kweli? ikamjibu ndiyo. Sasa hapo si umemuuliza shahidi wa uongo kama anasema uongo? Uingereza nako 2025 kuna shauri dhidi ya benki ya Qatar, othoriti 45, kumbe 18 hazipo duniani.

Dada_Learned: Mie kesi feki wala hazinitishi, TanzLII ni bure unaingia unahakiki. Kinachonitisha ni siri ya mteja. Kuna mwenzetu alikopi mkataba mzima wa mauzo ya kiwanja, majina, namba za NIDA, simu, vyote kavibandika mule. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, halafu ukiulizwa na mteja utasemaje? Mimi naweka "Muuzaji" na "Mnunuzi" tu, majina najaza mwenyewe kwenye Word.

kijana_wa_dodoma: Bosi naye anazidisha bana, Mahakama yenyewe ina mfumo wa AI wa kunukuu na kutafsiri mwenendo wa shauri, sisi tumezoea jaji anaandika kwa mkono, ukikimbiza maneno unaambiwa wakili, taratibu. Ila Kiswahili cha sheria bado inayumba, niliipa mkataba itafsiri, consideration (kile kila upande unachotoa kwa mwenzake, kama malipo) ikaja "kufikiria" 😂😂

wakili_mchanga_mza: Asanteni wakuu. Nimeongea na bosi, kalegeza kidogo: mikataba ruksa bila majina ya wateja, ila othoriti hata moja isitoke humo. Submissheni nimeandika upya usiku kucha, nimebaki na othoriti mbili tu, zote nimezisoma mpaka sahihi za majaji.

Dada_Learned: Mbili ulizosoma zinatosha. Kila la heri kesho.