Eti samaki wangu wamekufa "kwa mawazo"!! Huyu muuza samaki mnayemjua ana nini na mimi?

TangiTupu (mleta uzi)
Wakuu, naandika mkono unatetemeka, herufi zikiruka mnisamehe. Sitamtaja. Mnamjua. Yule yule muuza samaki wa mapambo anayejiita daktari wa samaki na hata koti jeupe hana. Jumamosi nimechukua kwake samaki 12. Leo Ijumaa amebaki mmoja, na huyo mmoja ananitazama kama shahidi anayejua zamu yake imefika.

Sasa sikieni. Nimempelekea maiti ya 11 kwenye mfuko ule ule alionifungia. Akauinua kwenye mwanga, akamgeuza huku, akamgeuza kule, akatikisa kichwa, kisha mbele ya wateja wote akatamka: "Huyu amekufa kwa mawazo."

Kwa mawazo. Samaki! Ana mkopo? Ana wakwe?

Maelekezo yake haya hapa, kwa kinywa chake: jaza maji, washa chujio, acha yalale usiku mmoja, asubuhi tia samaki. Usiku mmoja! Nimekuja kusoma nikiwa tayari nina makaburi, kumbe tangi jipya hukomaa kwa wiki 4 hadi 6. Mavi ya samaki na chakula kinachobaki vinatoa amonia, amonia inaunguza matamvua. Lazima wazaliane kwanza bakteria wa kuigeuza iwe nitriti, halafu wengine waigeuze nitriti iwe nitrati, ambayo kidogo ina huruma. Hao hawazaliani kwa usiku mmoja hata uwaimbie. Mimi tangi langu lilikuwa linang'aa, nikapiga picha, nikarushia ukoo mzima.

Siku ya 3 wakaanza kupanda juu wanahema midomo wazi. Nikampigia. Akasema "wanakusalimia hao, waongeze chakula." NA MIMI NIKAWAONGEZA. Jana nimeazima kipimo: amonia inasoma 4 pale panapotakiwa 0. Yeye anasema mawazo. Na aliposema alishusha sauti kabisa, kama anatoa pole.

KambaleMzee
Pole mkuu. Tangi la lita ngapi?

TangiTupu
40. Usianze.

KambaleMzee
Sijaanza. Samaki 12 kwenye lita 40, hata mimi ningekuwa na mawazo.

Bibi_Majini
😂😂😂 Marehemu alikuwa anawaza kodi ya chumba, wanalala 12

MamaGapi
Nyote mnacheka, huyo aliyebaki anakufa. Mleta uzi, mwanangu, leo hii badilisha nusu ya maji. Mapya yatie dawa ya kuondoa klorini kabla hayajaingia, maana kuyalaza tu hakutoshi kila mahali: kuna maji ya bomba yenye kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, na hiyo haitoki kwa kulala. Chakula mpe punje chache tu, hata ukiruka siku hatakufa njaa. Pima kila siku, amonia ikipanda badilisha tena. Na safari nyingine anza bila samaki: tia amonia ya chupa isiyo na manukato wala sabuni mpaka kipimo kisome 2, subiri. Siku ukiitia ikaisha ndani ya saa 24 na nitriti nayo ikasoma 0, badilisha maji mengi kupunguza nitrati, kisha leta samaki. Wachache. Sio ukoo mzima.

TangiTupu
Asante mama. Huoni haya ndiyo alitakiwa kuniambia yeye? Badala yake KWA MAWAZO

MamaGapi
Ukimpata mwenye tangi la siku nyingi lisilo na ugonjwa, muombe kipande cha sponji ya chujio lake. Ile chafu kabisa. Bakteria wanakaa humo na kwenye changarawe, majini ni wachache mno. Itakupunguzia wiki kadhaa.

TangiTupu
Yaani nibishe hodi kwa mtu niombe uchafu?

KambaleMzee
Ndiyo. Na bado hujaonana na nitriti. Amonia ikianza kushuka, nitriti ndiyo inapanda, nayo inaizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Huyo mmoja mwambie ajipange

SijuiMimi
Mbona mimi nilitia samaki siku hiyo hiyo na wako hai mwaka wa 2? Acheni kumsakama mtu wa watu. Wengine mna mikono mizito tu.

MamaGapi
Ulitia wangapi, tangi lina nini?

SijuiMimi
Wawili. Lita 200, mimea imejaa.

MamaGapi
Basi shukuru mimea, ndiyo iliyokuwa inakula amonia. Wewe ulikuwa unapita tu.

Bibi_Majini
Uwiii. Kazikwe na wale 11

BabaMapacha
Hapo kwenye sponji chafu mmenitonesha kidonda. Shemeji yangu kaja kututembelea wiki moja, kaona sponji ya chujio nyeusi, akaifua. KWA SABUNI. Akaianika juani na nguo. Tangi la miaka 3 wakuu! Mimi sponji naisuuza kwenye ndoo ya maji niliyotoa tangini, hata bomba siigusishi. Nimerudi kazini ananionyesha kwa furaha, "shemeji, nimekusaidia."

Bibi_Majini
Shemeji wa watu kafanya usafi analaumiwa. Wanaume bwana

TangiTupu
Jamani turudi kwenye mada. Mtu amemshika samaki akasema amekufa kwa mawazo.

KiatuKimoja
Sina samaki, nimevutwa na neno shemeji. Wangu naye alikuja wiki moja. Huu ni mwezi wa 14.

KambaleMzee
Weka uzi wako mkuu, hili ni jambo zito

BabaMapacha
Mwezi wa 14?? Anafua nini huko kwako?

KiatuKimoja
Hafui chochote. Ndiyo shida yenyewe.

SijuiMimi
Bora huyo. Wangu ana funguo

TangiTupu
Nimetoa nusu ya maji, dawa ya klorini nimeweka. Anahema lakini ameshuka chini kidogo. Kuna mtu ananisoma?

Bibi_Majini
Tunakusoma mkuu, subiri kidogo. @KiatuKimoja huyo shemeji analala sebuleni au mmempa chumba?