Watoto wanne wa homa, mtungi mmoja wa oksijeni: nianze na nani?

Nesi_Pwani
Habari za zamu wapendwa. Niko wodi ya watoto, hospitali ya wilaya. Usiku maabara yetu inatoa malaria, wingi wa damu na sukari, basi. Juzi walinijia watoto wanne kwa mpigo, wote homa kali. Anayelia sana ndiye kila mtu anamkimbilia, kumbe mimi aliyenitia hofu ni aliyelala kimya begani kwa bibi yake. Nimesikia kuna alama za Phoenix za mwaka 2024. Zitanisaidia kujua nani yuko hatarini kufa?

Tabibu_Mlimani
Pole na kazi, dada. Phoenix ni ya kuthibitisha sepsisi (maambukizi yanayovuruga kazi ya viungo vya mwili): mtoto anayedhaniwa ana maambukizi, akifikisha pointi 2 kwenye upumuaji, mzunguko wa damu, kuganda kwa damu na ubongo. Ni kazi nzuri, lakini inategemea vipimo vya damu kama chembe sahani (za kugandisha damu) na laktati (asidi inayopanda mwili ukizidiwa), na wewe saa nane za usiku utavipata wapi?

Mimi natumia alama za Lambaréné, zenye jina la mji wa Gabon. Mambo matatu, kila moja pointi 1: amelegea hawezi kukaa mwenyewe (mchanga, hawezi kunyonya), hana fahamu, anapumua kwa kina. Hili la tatu wengi hulipita. Mfunue nguo, simama miguuni pake, tazama kifua kizima kinavyopanda na kushuka kwa nguvu, hata kama mapafu yanasikika safi. Mara nyingi hiyo ni asidi imejaa kwenye damu. Alama hizi zilitokana na watoto wa malaria kali, baadaye zikajaribiwa Uganda hata kwa homa zisizo za malaria, zikafanya vizuri. Mwenye 2 au 3 mimi simwachi apange foleni.

MamaZamu
Ongeza utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu, ule wa utapiamlo. Chini ya sentimita 11.5 huyo ni wa hatari hata kama hana homa. Na sukari usiisubirishe.

Kijana_CO
Mikono ikiwa ya baridi mimi nafungua dripu ikimbie. Nakosea?

Tabibu_Mlimani
Ndugu yangu, hapo pole pole. Utafiti wa FEAST wa 2011, watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania: waliomiminiwa maji haraka walikufa takriban asilimia 10.5 ndani ya saa 48, wasiomiminiwa 7.3. Ni watoto kama hawa wetu (wa kuharisha hawakuwemo). Mikono ya baridi peke yake haitoshi kuita shoku (damu kutofika vizuri mwilini). WHO wanataka pia mapigo dhaifu ya haraka, na ukibonyeza ukucha wekundu uchelewe kurudi zaidi ya sekunde 3. Akiwa nazo zote, maji mpe kwa kipimo, ukikaa naye hapo hapo. Antibayotiki isivuke saa ya kwanza. Kisha mpe alama upya kabla hujakabidhi zamu, maana aliyekuwa 0 saa mbili usiku anaweza kuwa 2 alfajiri.