Naombeni ushauri: njia ya miguu ufukweni Igombe (Ziwa Victoria, Mwanza), tuanze na kibali kipi?

Wakuu, kamati ya mtaa inaandaa pendekezo la njia ya watembea kwa miguu, mita 900 hivi, upana mita 2. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na njia yote iko humo humo. Ndiyo maana zege hatulitaki: ni moramu iliyoshindiliwa sentimita 15, kingo za mawe ya palepale, na kalavati kila korongo linapokatiza. Korongo likizibwa, maji hupita juu na moramu yote huishia ziwani.

Kinachotusumbua ni pa kuanzia kupima hizo mita 60. Maji ya Oktoba na ya Mei hayafanani, na 2020 ziwa lilipanda sana. Tushike alama ya mwaka ule?

Halafu kuna vichanja vya kuanikia dagaa. Njia ipite nyuma yake, naona mimi. Mbele kuna mitumbwi na nyavu, watu watajikwaa tu.

Mliowahi kupeleka andiko NEMC (baraza la taifa la mazingira): usajili wa mradi kwanza, au barua ya Bodi ya Maji ya Bonde na muhtasari wa mkutano wa mtaa vitangulie?