Mrejesho: Gereji yangu sasa inakalika

Ndugu zangu, mwanzoni mwa majira haya ya baridi niliwauliza nifanyeje ili gereji ninayoitumia kama karakana ya useremala ipate joto, kwa kuwa jiko langu la gesi, lisilo na bomba la kutolea moshi, lilikuwa likilowesha misumeno na randa hadi zikaanza kushika kutu. Mlionieleza kwamba gesi huzaa maji inapoungua mlisema kweli: kilo 1 ya propani hutoa takriban kilo 1.6 za mvuke, nao ulikuwa ukigeuka matone juu ya kila chuma kilichopoa. Hewa ya kaboni monoksidi, ambayo huua bila harufu, sikuwa hata nimeifikiria.

Jiko nimeliondoa. Kabla ya kununua kitu kingine niliziba kwanza, nikabandika mbao za povu nyuma ya mlango mkubwa wa bati na ukanda wa mpira chini yake, mahali ambapo zamani mwanga wa nje ulikuwa ukipenya; kazi hiyo ya siku moja, ambayo nakiri niliidharau, ndiyo iliyoleta tofauti kubwa kuliko zote. Sasa hita ya umeme ya kilowati 2, niliyovutiwa waya wake wa peke yake na fundi umeme, inafikisha nyuzi 15, na gundi ya mbao, ambayo kwenye baridi ilikuwa ikikauka nyeupe kama chaki na kuachia, inashika vizuri. Miguu tu ndiyo bado inalalamika kwa sababu ya sakafu ya zege, hivyo nimetandika mkeka wa mpira pale ninaposimama.