Namuota marehemu baba kila alfajiri, mpaka nawahi kulala ili nimuone

Kijana_wa_Mbinga:

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni mnisikilize maana hili jambo sina wa kumweleza hapa ninapoishi. Niko Dodoma kikazi, kwetu ni Mbinga. Mzee wetu alifariki mwezi wa pili mwaka huu, tukamzika, nikarudi kazini nikawa naendelea vizuri tu, kwa kweli hata sikulia sana. Sasa tangu mwezi wa sita uanze namuota karibu kila siku, na sio zile ndoto za kuungaunga ukiamka umeshasahau, hapana, hii namuona kabisa yupo kwenye vichanja vya kahawa anachambua, anaokota punje mbovu anatupa pembeni kama alivyokuwa anafanya, amekalia kigoda chake kilekile, na ile harufu ya kahawa iliyomenywa ikalowekwa, waliokulia kwenye kahawa wanaijua, inakuwa kama pombe hivi, naisikia. Naamka saa kumi na moja bado iko puani. Haongei. Ananisogezea tu nafasi nikae tuchambue wote.

Kinachonitisha sio ndoto yenyewe, ni kwamba nimeanza kuitafuta. Nikitoka kazini nakula harakaharaka saa mbili niko kitandani, washkaji wakipiga simu sipokei, jumamosi nimeamka kisha nikarudi kulala saa tatu asubuhi eti niendelee nilipoachia. Halafu nikiamka chumba kinakuwa kitupu mpaka kifua kinauma.

Shangazi anasema baba anadai kitu, tutafute mbuzi. Mchungaji mmoja wa maombezi kasema hiyo ni roho imejivika sura ya baba, nikafunguliwe, na kuna sadaka yake ya kufunguliwa. Nyie mnaonaje, hizi ndoto zina maana au ni kichwa tu?

Mama_Pangani:

Pole sana mwanangu, Mungu amrehemu mzee wako. Mimi ni Muislamu nitakueleza kwa upande wetu, wewe utachukua litakalokufaa. Sisi tumefundishwa na Mtume (s.a.w.) kwamba ndoto ziko za aina tatu, kuna iliyo njema nayo inatoka kwa Mwenyezi Mungu, kuna ya kutisha na kuhuzunisha nayo ni ya shetani, na kuna ile ambayo ni mtu anazungumza na nafsi yake, yaani yale aliyoshinda nayo mchana. Ile mbaya ukiamka unatema mate kidogo kushoto mara tatu, unajikinga kwa Mungu, unageuka ubavu wa pili na humsimulii mtu. Ile njema unamsimulia umpendaye tu.

Sasa mzee amekaa anachambua kahawa yake, anakusogezea nafasi, hapo ubaya uko wapi? Hajakuita mkaondoke wala hajalia.

Na mwanangu usikimbilie vile vijitabu vya tafsiri za ndoto vyenye jina la Ibn Sirin. Mwenyewe alikuwa mwanachuoni wa Basra, alifariki mwaka 110 Hijria, na wanazuoni wengi wanasema vile vitabu hakuviandika yeye. Inasimuliwa watu wawili walimjia wote wameota wanaadhini, mmoja akamwambia utakwenda kuhiji, mwingine akamwambia mkono wako utakatwa kwa wizi, kwa sababu aliwatazama watu wenyewe walivyo. Ndoto inasomwa pamoja na mwenye ndoto. Sasa huyo anayekutajia bei kabla hajakuuliza hata baba yako alikuwa mtu wa namna gani, muepuke.

Zamu_ya_usiku:

Mkuu pole. Mimi ni muuguzi, mambo ya roho siyagusi, naongelea mwili. Ndoto kali namna hiyo nyingi zinakuja kwenye kile kipande cha usingizi ambacho macho yanachezacheza chini ya kope, kinaitwa REM. Kiligunduliwa Chuo Kikuu cha Chicago na Aserinsky na Kleitman wakatangaza mwaka 1953, na huyo Aserinsky mmoja wa watu wa mwanzo kuwafunga nyaya za kupima alikuwa mtoto wake mwenyewe wa miaka minane. Usingizi unazunguka, kila dakika 90 hivi unarudi kwenye hicho kipande, mzunguko wa kwanza kinakuwa kifupi sana lakini kinarefuka kadiri kunavyokaribia kucha, ndiyo maana unamuona mzee alfajiri na sio saa nne usiku, na ukirudi kulala saa tatu asubuhi ndio umekifuata hukohuko kilipo. Tena kipindi hicho sehemu za ubongo za hisia zinachemka na zile za mbele zinazohoji mambo zimepoa, kwa hiyo hushangai kumuona marehemu, unakaa tu mnachambua.

Naomba nikuulize, ulikuwa unakunywa pombe ukaacha? Pombe inabana hiyo REM, ukiacha inarudi kwa nguvu. Na kuna dawa pia zinaleta ndoto za hivi, mefloquine ya malaria, propranolol ya presha, efavirenz iliyokuwa kwenye ARV za zamani. Kama unatumia yoyote usiikatishe mwenyewe, nenda kaongee na aliyekuandikia.

Kuota sio ugonjwa, ila kukata simu za watu na kifua kuuma kila asubuhi hilo usilikalie kimya, hospitali kuna watu wa ushauri nasaha, waone.

Mzee_wa_Iringa:

Mhubiri 5:3, "ndoto huja kwa sababu ya shughuli nyingi". Mwezi wa sita huko Mbinga ni kahawa inaingia. Wewe uko Dodoma mwili tu.

Wa_Nakuru:

Pole sana ndugu yangu. Mimi ni dada yenu kutoka Nakuru, nimesoma hii nikalia kidogo juu hiyo kitu ya kurudi kulala ndio umwone tena nimeifanya miezi mingi. Mimi ni mamangu. Mwanzoni nilikuwa namuota akiwa mgonjwa vile alikuwa kwa wodi, baadaye akaanza kuja akiwa mzima, amenona hata, anapika. Nilinunua daftari nikawa naandika kila asubuhi kabla sijashika simu na sijui kama ilinisaidia kuelewa chochote lakini ilinisaidia kuamka, juu nilikuwa na kitu ya kufanya na mikono.

Kitu naeza kukuambia ni usimfukuzie. Zile siku nililala mapema ndio nimwone, hakuja. Halafu zikapungua zenyewe, na wacha nikuambie ukweli, hapo niliomboleza mara ya pili. Iko maana? Kwangu iko. Nilikuwa nimemkumbuka na yale mashine ya wodi tu, sasa namkumbuka akipika. Tafuta mtu alimjua babako umwambie hizi ndoto, si sisi tu huku.

Kijana_wa_Mbinga:

Asanteni sana, nimesoma zote mara mbili. Mama Pangani nimekuelewa, kule kwa maombezi siendi. Muuguzi, dawa situmii yoyote, ila bia nilikuwa nakunywa kila siku tangu msiba, nikaziacha mwishoni mwa mwezi wa tano, sikuwahi kuunganisha hivyo vitu viwili.

Mzee wa Iringa umenigusa pabaya. Msimu huu sijauliza chochote kuhusu kahawa, natuma hela ya vibarua basi.

Nimempigia mama jana usiku nikamweleza yote kama nilivyowaeleza nyie, niliogopa atalia. Hakulia. Akasema yeye hajamuota hata siku moja tangu tumzike, kila usiku anaomba na haji, kumbe anakuja kwangu. Nikakosa la kusema. Akaniuliza, amevaa nini? Nikamwambia lile sweta la bluu lililofumwa, la viraka kwenye viwiko. Huko saa hizi ni baridi kali, mnaojua Mbinga ya mwezi wa saba mnajua. Akanyamaza nikadhani simu imekata, halafu akasema, basi hapigwi baridi.

Ijumaa napanda basi. Vichanja viwili vimeoza miguu na dogo hawezi peke yake.