Nafasi ya mbele kwenye bafa ya pakiti: kwa nini handaki la IPv6 linaielemea seva?

Fundi wa Shangani, Mtwara

Wakuu, habari za kazi. Nasimamia seva ya KVM (mfumo wa Linux wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za programu ndani ya seva) yenye karineli (kiini cha Linux) 4.4 katika ghala la korosho hapa Mtwara. Mashine pepe zake zinaingia kwenye daraja la Linux (swichi ya programu) kupitia tap (kadi za mtandao za programu), na daraja hilo linapeleka pakiti ofisi ya Lindi kwa handaki la VXLAN, linalofunga kila pakiti ndani ya pakiti nyingine. Handaki lilipokuwa juu ya IPv4 sikuwa na malalamiko. Tangu tulihamishie kwenye IPv6, kila simu za sauti zinapoongezeka katika saa za kupima magunia, prosesa ya seva inaelemewa: karani wa mizani anasoma uzito wa gunia, wenzake wa Lindi wanasikia nusu ya tarakimu, na tarakimu iliyopotea ni fedha ya mkulima. Nikifungua perf top, inayoonyesha kazi zinazokula prosesa, pskb_expand_head (kazi ya karineli inayoitengea pakiti kumbukumbu upya) ndiyo iko juu kabisa. Kubadili toleo la IP pekee kunaletaje mzigo wa namna hii?

Msimamizi wa mtandao, Lindi

Ndugu yangu, jibu liko kwenye baiti chache. Tap inapopokea pakiti kutoka mashine pepe, inaitengenezea bafa mpya (eneo la kumbukumbu) na kuacha nafasi tupu mbele ya data, ambayo kwenye prosesa za x86 za biti 64 ni baiti 64. Vichwa vya handaki (taarifa za usafirishaji zinazotangulia data) huandikwa katika nafasi hiyo, kwa kurudi nyuma kutoka pale data inapoanzia. Kwa IPv4 unahitaji 20 za IP, 8 za UDP, 8 za VXLAN na 16 zinazotengwa kwa ajili ya Ethernet ya nje, jumla 52, nazo zinaenea. Kichwa cha IPv6 ni baiti 40, kwa hiyo jumla inafika 72. Umepungukiwa baiti 8 tu, lakini kwa sababu ya hizo 8 karineli inalazimika kuomba kumbukumbu mpya, kunakili pakiti na kuachilia bafa ya zamani, tena kwa kila pakiti. Pakiti za sauti ni ndogo na ni nyingi mno kwa sekunde, ndiyo maana simu zimeumia kwanza.

Mwanafunzi wa mitandao, Mtwara

Samahani wakuu, je, haitoshi kuongeza nafasi hiyo ndani ya mashine pepe? Nimesoma kwamba draiva ya virtio_net, yaani ya kadi ya mtandao ndani ya mashine pepe, nayo huomba nafasi ya mbele.

Msimamizi wa mtandao, Lindi

Huiomba kweli, lakini kwa ajili ya kichwa chake cha virtio, ambacho kwa kawaida ni baiti 12, ili kikae pamoja na data badala ya kutengewa kipande cha peke yake. Nafasi hiyo haivuki kwenda kwa mwenyeji, yaani seva yenyewe, kwa kuwa tap inanakili data kwenye bafa yake yenyewe. Dawa iko upande wa mwenyeji. Kuanzia karineli 4.6 ya mwaka 2016, daraja huangalia ni tundu lake gani (port) linalohitaji nafasi kubwa zaidi kisha huziarifu tap, nazo huiacha nafasi hiyo tangu bafa inapotengenezwa. Nakushauri upandishe karineli ya mwenyeji. Mashine pepe ziache zilivyo. Hakikisha pia MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya ndani umeishusha kutoka 1450 hadi 1430.

Fundi wa Shangani, Mtwara

Nashukuru sana, ndugu. MTU nilikuwa nimesahau kabisa kuishusha. Jana usiku, ghala likiwa limefungwa, niliipandisha karineli ya mwenyeji peke yake, na leo asubuhi karani amesoma orodha nzima bila kuombwa arudie. Hata hivyo pskb_expand_head bado inaonekana mara mojamoja, hasa mashine pepe zinapotuma ARP (ulizo la anwani linalotangazwa kwa wote).

Msimamizi wa mtandao, Lindi

Hiyo ni kawaida. Pakiti inayotangazwa kwa wote hutolewa nakala kwa kila tundu la daraja, na nakala hizo zinatumia data moja, kwa hiyo karineli haiwezi kuandika kichwa kipya bila kwanza kuitengea pakiti bafa yake, hata nafasi ikiwepo. Kwa ARP gharama hiyo ni ndogo, iache.