Tela la kambi lililotumika: nikague nini kabla ya kulipa?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Nipo Morogoro, na kuna tela la kambi lililotumika ninalotaka kulinunua, lenye hema la kukunjua juu na jiko la kuvuta nyuma. Gari langu ni Hilux, tuko wanne, na safari ya kwanza tunayokusudia ni ya Hifadhi ya Ruaha kupitia Iringa. Jiko ni zuri na turubai halijachanika. Niangalie nini zaidi?

Mchangiaji wa kwanza
Ndugu mleta mada, jiko ndilo la mwisho kukaguliwa. Chukua tochi, ulale chini ya tela, uangalie chasisi pale mkono wa kuvutia unapoungana na fremu, kwa kuwa barabara za rasta, zile zenye mawimbi-mawimbi, huanza kupasua hapo. Ukikuta rangi mpya sehemu hiyo peke yake, uliza kilicholehemewa. Kisha piga jeki, uzungushe kila tairi kwa mkono na kusikiliza, maana beringi nzima huzunguka kimya. Mimi niliupuuza mkwaruzo mdogo, nikalala porini nikisubiri beringi iletwe kwa basi. Siku hizi sisafiri bila beringi mbili, sili (mpira wa kuzuia grisi isivuje) na kopo la grisi. Soma pia tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tela linalokaa uani huzeesha matairi ambayo kashata zake (meno yanayoshika barabara) bado ni nzima. Rimu nazo zikilingana na za Hilux, spea moja itahudumia kote.

Mchangiaji wa pili
Naongezea suala la uzito, ambalo wengi hulikumbuka wakiwa tayari mlimani. Lita 100 za maji ni kilo 100, kabla hujapakia friji, betri na mkaa. Vitu vizito vikae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, ili takriban asilimia 10 ya uzito wote iegemee kwenye ndoano ya gari. Mzigo ukirundikwa nyuma, tela huanza kuyumba ukikaza mwendo, na hapo unachotakiwa kufanya ni kuachia mafuta taratibu na kushika usukani bila kuupindisha. Mkirudi kutoka Iringa, mlima Kitonga mtaushuka, kwa hiyo ingieni gia nzito mapema kabla breki hazijachemka.

Mchangiaji wa tatu
Mwambie muuzaji alifungue hema mwenyewe mbele yako, kisha uingize kichwa ndani na kunusa. Turubai lililokunjwa likiwa bichi huota ukungu, na harufu yake haitoki kwa sabuni.

Mleta mada
Nashukuruni sana. Nilirudi jana na tochi. Hema halinuki, chasisi ni nzima, lakini matairi yote yameandikwa 1114 na gurudumu la kushoto linakwaruza. Muuzaji amekubali kuondoa kwenye bei gharama ya matairi matatu; ya beringi bado tunavutana.